Mshahara ni wa Kazi au ni wa Mtu?

Mtu akipeleka kilo moja ya kahawa sokoni, mnunuzi mwenye haki hutazama kahawa na mizani. Haulizi kama aliyeileta ni mume au mke, kijana au mzee. Kahawa ikiwa safi na kilo ikiwa kamili, bei ni ile ile. Wote huona kwamba ndivyo inavyopasa. Lakini pengine mnunuzi yuyo huyo, akiajiri vibarua wa kuchuma kahawa katika shamba lake, hubadili mizani: mwanamume humpa ujira fulani, mwanamke humpa ujira mdogo kuliko ule, ijapokuwa vikapu vyao ni sawa. Basi kwa nini mizani ya mali iwe moja, na mizani ya jasho iwe mbili?

Swali hili halikuzaliwa mashambani tu. Lilipelekwa mbele ya waamuzi wakubwa wa Ulaya, tena kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyepunjwa fedha kidogo kila mwezi. Inafaa kulijua shauri lile, na kulipima kwa akili, maana ndani yake yamo maneno yanayomhusu kila mtu anayelipa kazi ya mwenzake, na kila mtu anayelipwa.

1. Habari ya shauri lenyewe

Mwaka 1957 nchi sita za Ulaya, nazo ni Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Uholanzi na Luksemburgi, zilifanya mapatano katika mji wa Roma ili kuunganisha biashara zao. Katika mapatano hayo kilikuwamo kifungu cha 119, kilichoagiza kwamba wanaume na wanawake wapate ujira sawa kwa kazi iliyo sawa. Asili ya kifungu hicho haikuwa upendo mtupu. Ufaransa ilikuwa na sheria ya namna hiyo tayari, ikaogopa kwamba viwanda vya nchi jirani, vilivyowalipa wanawake kidogo, vingeuza vitu vyao kwa bei ndogo na kuvishinda viwanda vyake. Hivyo hofu ya hasara iliweka neno jema katika maandiko ya serikali. Lakini neno jema, hata likipandwa na mkono wenye hesabu zake, laweza kuota.

Miaka ikapita. Tarehe ya kulitimiza neno lile ilifika, nchi zile zikaisogeza mbele. Tarehe ya pili ikafika, yaani mwisho wa mwaka 1964, wala mambo hayakubadilika sana. Basi tarehe 16 Februari 1966 wanawake wa kiwanda cha silaha cha Fabrique Nationale, huko Herstal karibu na mji wa Liège katika Ubelgiji, waliziacha mashine zao. Walikuwa kama 3,000. Wakagoma majuma 12. Waliomba nyongeza ya franka 5 kwa saa. Walipata franka 2 na sentimu 75. Hawakupata yote, lakini kifungu cha 119, ambacho watu walikuwa wamekisahau katika makabati ya serikali, kilitamkwa barabarani kwa sauti kubwa.

Wakili mmoja wa Ubelgiji, jina lake Éliane Vogel-Polsky, alishika wazo moja na kulifundisha bila kuchoka: kifungu kile ni sheria, si ahadi, basi mfanyakazi yeyote aweza kukitaja mbele ya mwamuzi, hata kama serikali yake imelala. Ili wazo hilo lijaribiwe, alihitajiwa mwanamke atakayekubali kushitaki.

Mwanamke huyo alikuwa Gabrielle Defrenne. Tangu mwaka 1951 alikuwa mtumishi wa abiria katika ndege za Sabena, ile kampuni ya Ubelgiji ambayo ndege zake zilijulikana sana katika Kongo. Ndani ya ndege walikuwamo wanaume waliofanya kazi ile ile: kuwapokea abiria, kuwapa chakula, kuwalinda wakati wa hatari. Lakini mshahara wa mwanamume ulikuwa mkubwa kuliko wa mwanamke. Tena mkataba wa mwanamke ulisema kwamba akitimiza miaka 40 kazi yake imekwisha. Mwanamume hakuwekewa mpaka huo. Bibi Defrenne alitimiza miaka 40, na tarehe 15 Februari 1968 akaondolewa kazini.

Mwezi uliofuata alishitaki. Kwa upande wa mshahara alidai tofauti ya tangu tarehe 15 Februari 1963 hadi tarehe 1 Februari 1966. Hesabu yake yote ilikuwa franka 12,716 za Ubelgiji, yaani kama franka 360 kwa mwezi. Mwaka 1970 waamuzi wa kwanza walimkatalia. Akakata rufani. Waamuzi wa rufani wa Bruxelles waliiuliza Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya, iliyoko Luksemburgi: Je, kifungu cha 119 chaweza kutajwa na mtu binafsi mbele ya mwamuzi wa nchi yake? Tarehe 8 Aprili 1976 Mahakama ile ilijibu: Ndiyo, chaweza. Wala haidhuru kama mwenye kuajiri ni serikali au ni mtu binafsi. Tena Mahakama ilisema kwamba nchi zile hazikuwa na uwezo wa kusogeza tarehe ya mapatano kwa kukubaliana zenyewe pembeni.

Bibi Defrenne akalipwa fedha zake. Lakini asidhani msomaji kwamba alishinda kila neno. Juu ya malipo ya uzeeni alikuwa ameshindwa mwaka 1971, na juu ya mpaka wa miaka 40 alishindwa mwaka 1978. Katika mashauri matatu alipata moja tu. Hata hivyo, lile moja lilifungua mlango kwa wanawake wa nchi nyingi.

2. Je, aliyekubali mkataba aweza kulalamika?

Wako wanaosema hivi: «Mwanamke yule aliujua mshahara tangu siku ya kwanza. Alitia sahihi. Hakuna aliyemshika mkono. Basi ametendewa ubaya gani?»

Neno hili lina uzito, maana kushika ahadi ni wema. Lakini lazima kuuliza: ni nani aliyekuwa na nafasi ya kuchagua? Mwenye kuajiri akikataliwa na mmoja, humwita mwingine, na usiku hulala ameshiba. Mwenye kutafuta kazi akikataa, hurudi nyumbani mikono mitupu. Mapatano ya watu wawili, mmoja ameshiba na mmoja ana njaa, yafanana na mapatano, lakini hayana uhuru ulio sawa pande zote mbili. Ndiyo maana Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara kuwa wa haki. Iko haki ya asili inayotangulia mapatano na iliyo kubwa kuliko mapatano.

Tena iko sababu ya pili. Mwanamke yule hakukuta mikataba miwili mezani, achague mmoja. Mkataba wa mshahara mkubwa haukuwekwa mbele yake hata kidogo, kwa sababu yu mwanamke. Mtu aliyeonyeshwa njia moja tu hawezi kuambiwa kwamba alichagua njia.

3. Je, mwanamume hastahili zaidi, kwa kuwa hulisha jamaa?

Wengine husema: «Mume ana mke na watoto. Mshahara wake ni wa watu wengi. Mshahara wa mwanamke ni nyongeza tu.»

Hapa ndipo swali kubwa linapojitokeza: mshahara ni wa kazi, au ni wa mtu na haja zake? Wale wasemao kwamba ni wa haja, na waishike kanuni yao mpaka mwisho. Kijana asiye na mke, anayekula mshahara wake peke yake, wampe kidogo. Mjane mwenye watoto sita wampe kikubwa kuliko wanaume wengi. Je, wafanya hivyo? La. Kijana humpa mshahara wa wanaume, na mjane humpa mshahara wa wanawake. Kumbe kanuni yao si haja ya jamaa. Neno «jamaa» ni nguo nzuri tu waliyolivika jambo jingine.

Ni kweli kwamba mzigo wa watoto ni mzito, na kwamba nchi njema huwasaidia wazazi. Lakini msaada huo una njia yake: ni posho ya watoto, hutolewa kwa ajili ya watoto, naye mzazi huipokea awe baba au mama. Usikatwe katika jasho la mfanyakazi mwingine. Akilipwa mwanamume kwa fedha zilizopunguzwa katika haki ya mwanamke, hapo hakuna aliyesaidiwa kwa wema. Mmoja amelipishwa sadaka ya mwingine bila kuulizwa.

Wako tena wasemao: «Mwanamume ana nguvu zaidi.» Ikiwa ni hivyo, kazi yenyewe itaonyesha. Mwenye kubeba matofali 200 na alipwe kwa 200. Mwenye kubeba 150 na alipwe kwa 150. Hiyo ni haki, wala mwanamke hataikataa. Lakini mwanamke aliyebeba 200 asilipwe kwa 150 kwa sababu wanawake wengine hubeba 150. Kila mtu huhukumiwa kwa tendo lake mwenyewe, si kwa tendo la jirani yake.

4. Je, si afadhali kuvumilia kuliko kushitaki?

Neno hili ndilo lililo karibu zaidi na moyo wa watu wa kijijini. Wazee husema: Mwenye nguvu mpishe. Husema tena: Mvumilivu hula mbivu. Mtu hufundishwa kusamehe, kutolipa ubaya kwa ubaya, na kupenda amani. Basi, mwanamke anayemvuta bwana wake mbele ya mwamuzi kwa ajili ya franka 360 za mwezi, je, hakupenda fedha kuliko amani?

Inapasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo la kwanza ni kusamehe. La pili ni kunyamaza. Mwenye kusamehe anajua deni lake, analitaja kwa jina, kisha analiachilia kwa hiari. Mwenye kunyamaza kwa hofu hakuachilia kitu. Amenyang'anywa tu, naye ameshindwa kusema. Hatuwezi kumsifu kwa wema ambao hakuuchagua, wala hatuna haki ya kumlaumu kwa hofu yake, maana mara nyingi watoto wake ndio walio nyuma ya hofu ile.

Tena mtu aweza kusamehe lililo lake. Hawezi kusamehe lililo la wenzake. Kama Bibi Defrenne angalidaiwa na kudai kwa nafsi yake peke yake, angaliweza kuziacha franka 12,716, na huenda ingalikuwa sadaka njema. Lakini mshahara ule haukuwa tendo la hasira la siku moja juu ya mtu mmoja. Ulikuwa desturi, iliyowangoja wanawake wote watakaopanda ndege zile kufanya kazi. Mtu akikanyagwa mguu njiani, na apite. Akiona shimo ambalo kila apitaye huanguka, kunyamaza kwake si upole tena.

Na juu ya amani: shauri mbele ya mwamuzi si vita. Ni kinyume cha vita. Mwenye kushitaki hachukui fimbo, hachomi nyumba, haibi usiku kile alichonyimwa mchana. Anasema mbele ya watu wote: «Hiki nadai, na sababu yangu ni hii, naye aliye kinyume changu asikilizwe pia.» Kisha anangoja hukumu, na akishindwa anaondoka. Bibi Defrenne alishindwa mara mbili, akaondoka. Palipo na waamuzi wa haki, wanyonge hawahitaji kuokota mawe.

5. Neno gumu: deni la miaka iliyopita

Katika hukumu ile ya mwaka 1976 mna neno moja linaloisumbua dhamiri hata leo. Serikali za Uingereza na Ireland, zilizokuwa zimeingia katika Jumuiya, zilionya kwamba ikiwa wanawake wote watadai tofauti ya miaka yote iliyopita, kampuni nyingi zaweza kuanguka. Mahakama ikakata hivi: kuanzia siku ya hukumu, kila mwanamke aweza kudai, lakini kwa miaka iliyotangulia siku hiyo hawezi kudai, isipokuwa wale waliokuwa wamekwisha kushitaki.

Basi mwanamke aliyeshitaki alilipwa deni lake la zamani. Jirani yake, aliyefanya kazi ile ile na kupunjwa vile vile, lakini aliyeogopa kushitaki, hakuwa na njia tena. Je, hiyo ni haki?

Waamuzi walikuwa na sababu. Kiwanda kikifungwa, wanawake wenyewe hukosa chakula. Tena wenye kuajiri walikuwa wameona serikali zao zikilegea miaka mingi, wakadhani kwamba sheria haijawafunga. Mwamuzi, kama daktari, pengine huchagua dhara lililo dogo. Watu wenye busara waweza kumwelewa.

Lakini kuelewa si kusema kwamba deni halikuwako. Mwenye deni hawezi kujisamehe mwenyewe, wala mtu wa tatu hawezi kumsamehe kwa niaba ya anayedai. Mahakama ilifunga mlango wake. Haikusema kwamba wanawake wale hawakufanya kazi. Yako madeni mawili: moja hudaiwa na sheria, jingine hudaiwa na dhamiri. Sheria ikisema, «Sitakulazimisha», mtu mwovu husikia, «Sidaiwi». Mtu mwema husikia, «Sasa nimeachwa na dhamiri yangu peke yake». Mwajiri aliyeweza kulipa, naye akajificha nyuma ya tarehe, alikuwa salama mbele ya waamuzi tu. Wazee walisema kweli: Dawa ya deni ni kulipa.

Na liko fundisho jingine humo, lenye uchungu. Dhuluma inayonyamaziwa muda mrefu hujijengea nyumba. Mwishoni aliyedhulumu husema: «Nimezoea hivi, nilidhani ni halali, mkinidai sasa mtanivunja.» Na ucheleweshaji wake mwenyewe humgeukia kuwa faida. Kwa hiyo haki isicheleweshwe, hata ikiwa ni ya fedha chache.

6. Na katika Kongo?

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu na ndege zao. Mwaka 1951 Shirika la Kazi la Dunia liliandika mapatano namba 100 juu ya ujira sawa kwa wanaume na wanawake, na Kongo iliyakubali mwaka 1969. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 86, yasema kwamba kazi ikiwa sawa, ujuzi ukiwa sawa na matokeo yakiwa sawa, mshahara ni sawa kwa wafanyakazi wote, bila kujali asili yao, wala kama ni mume au mke, wala umri wao. Lakini kwa miaka mingi sheria ya jamaa, iliyoandikwa mwaka 1987, ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kushitaki au kufanya mapatano. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliigeuza kanuni hiyo. Fikiri basi: haki ilikuwa imeandikwa, lakini ili kuifikia, mke alipaswa kupita katika mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Hata hivyo, mwamuzi yuko mbali na vijiji vingi, na vibarua wengi hawana karatasi ya mkataba. Ndiyo sababu sheria njema haitoshi. Mshahara mwingi hukatwa ukingoni mwa shamba, jioni, kwa maneno ya mdomo, bila shahidi. Hapo hakuna wakili. Iko dhamiri ya anayelipa, na ulimi wa wanaosimama karibu.

Dini yafundisha tangu zamani kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi inayolia mbele ya Mungu. Wengi hulifahamu neno hilo juu ya bwana asiyelipa kabisa. Lakini aliyelipa nusu amenyima nusu. Na Papa Yohane Paulo II, katika barua aliyowaandikia wanawake mwaka 1995, alitaja wazi ujira sawa kwa kazi sawa kuwa jambo la lazima ambalo bado halijatimizwa.

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Mwenye kulipa na apime kazi kwanza, ndipo atazame uso. Mume na asione haya kwamba mkewe amelipwa sawa naye. Haya ni kula katika sahani iliyopunguzwa kwa mwingine. Mwanamume anayefanya kazi kando ya mwanamke, naye aujua mshahara wa wote wawili, ndiye shahidi wa kwanza: akisema neno moja la kweli siku ya malipo, huenda shauri lisifike kamwe kwa mwamuzi. Na mwanamke aliyepunjwa na aseme kwa upole na bila woga, tena mapema. Akitaka kusamehe, na asamehe lililo lake, lakini asimwache mwenzake atakayekuja kesho aangukie shimo lile lile.